Swali la Mama kwa Fundi wa Nyambizi

Tangu nirudi kutoka Mombasa kila mtu ana swali. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai wananiuliza kama maji ya bahari ni ya chumvi kweli. Kanisani wananiuliza kama yule Mjapani alinikubali au alinifukuza. Nimejibu vipandevipande, na kila kipande kimenirudia kikiwa kimegeuka. Juzi pale Birongo sokoni nimesikia kwamba nilipigana na mtu bandarini. Sikupigana na mtu. Naandika basi mara moja, kwa mpangilio, na daftari hili nitamwachia mwalimu wetu ili anayetaka kujua akasome.

Kwa wale ambao ni wageni katika jambo hili, nitaeleza kwanza kwa nini nilisafiri.

Kaka yangu Mokua alikwenda vitani nikiwa na umri wa miaka minane hivi. Meli iliyowabeba kuelekea kisiwa cha Seiloni ilipigwa na nyambizi ya Wajapani, ikazama. Barua ilikuja, karani wa chifu akaisoma, mistari minne. Mama aliuliza swali moja tu: "Nani alimsikia?" Karani hakuelewa, lakini sisi tulielewa. Kwetu mtu akifa, boma linapiga kelele, jirani anasikia, anajibu, na ukoo wote unajua fulani ameondoka akiwa kati ya watu. Mokua hakuondoka hivyo.

Wazee wa ukoo walitaka azikwe kama wanavyozikwa wasioonekana. Shina la mgomba hukatwa, likafungwa katika blanketi, likalazwa kaburini mahali pa mtu. Mama alikataa. Alisema, "Nitajuaje kwamba amekufa, ikiwa hakuna hata mmoja aliyemsikia? Mkinipatia mtu mmoja, hata awe adui, mtakata mgomba." Amesema hivyo miaka zaidi ya thelathini. Mwaka huu kifua chake kimekuwa kibaya, na yeye mwenyewe anajua.

Mimi ni mtunza boila katika kiwanda cha chai, na sikusoma shule zaidi ya darasa la nne. Yaliyobaki nimejifundisha. Kwa miaka ishirini nimekusanya kila karatasi inayotaja nyambizi. Magazeti ya kufungia sukari nimesoma, na kitabu kikubwa alichoniachia daktari wa misheni, na picha. Nilifikia uamuzi kwamba iliyomuua Mokua ilikuwa ya aina waliyoiita Junsen. Zilijengwa nne, kati ya vita vile viwili vikuu, kwa kufuata michoro ya Wajerumani na zikiwa na injini za dizeli za Kijerumani. Zilikuwa za safari ndefu, zikiweza kuvuka bahari na kurudi bila kuongeza mafuta. Urefu wake ni mita mia moja kasoro mbili unusu. Niliichora kwenye karatasi ya miraba, chumba kwa chumba. Mama alikuwa akiitazama ile karatasi na kuuliza, "Na mlango wake uko wapi?"

Mwezi uliopita Samweli, kijana wa Nyamira anayefanya ukarani kwa Wajapani wanaojenga kule Mombasa, aliniandikia. Kuna fundi mmoja mzee hapa, alisema, Bwana Hayashi. Zamani alikuwa fundi wa injini ndani ya nyambizi. Kazi yake imekwisha na Jumamosi saa nane mchana anapanda meli kwenda kwao.

Nilimsomea mama barua. Akasema, "Muulize kama walisikia."

Birongo hadi Kisii mjini

Niliondoka Jumatano asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake na lori la chai nililoahidiwa lilikuwa limezama kwenye tope hadi ekseli. Dereva alikuwa amekaa juu ya gunia akila muwa.

"Mzee, ukitaka kungoja, ngoja," aliniambia. "Ukitaka kutembea, tembea. Mimi na hili lori tumeshazoeana."

Nilitembea. Nilikuwa na mfuko wa nguo, mchoro wangu nimeukunja ndani ya karatasi ya nailoni, na ndizi za kuchemsha ambazo mama alikuwa amezifunga kwenye majani yake. Viatu nilivibeba mkononi. Nilifika Kisii basi la saa tatu likiwa limekwenda, nikapata la saa sita.

Kisii hadi Nairobi

Basi lilianza kuchemka kabla ya Sotik. Nilisikia kwanza kwa pua, kisha kwa sikio. Nikamwendea dereva nikamwambia rejeta yake inavuja upande wa chini, asimame kabla injini haijaharibika.

"Wewe ni fundi wa nini?" aliniuliza.

"Wa boila."

"Boila ya nini?"

"Ya kukaushia chai."

Abiria walicheka. Dereva akasema, "Basi, mzee, hapa hatukaushi chai. Kaa chini."

Baada ya maili mbili tulisimama, mvuke ukitoka kama jikoni. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne. Mama mmoja wa Kipsigis, ambaye shamba lake lilikuwa hapo barabarani, alitutazama kwa muda, kisha akaleta maziwa yao ya kibuyu yenye majivu. Akanipa mimi kwanza kwa sababu nilikuwa nimelala chini ya injini nikiziba tundu kwa sabuni na kamba ya katani. Dereva alishika taa ya mkono. Tulipoondoka alinihamishia kiti cha mbele na hakuniita fundi wa chai tena. Lakini saa zile nne hazikurudi. Tuliingia Nairobi Alhamisi asubuhi, nikiwa na shingo iliyokakamaa. Siku nzima nilikaa stesheni nikilinda mfuko.

Ndani ya treni

Treni iliondoka Alhamisi jioni, na ingetufikisha Mombasa Ijumaa asubuhi. Nilihesabu kwamba nitakuwa na siku nzima na nusu. Kulipokucha Ijumaa, treni ilikuwa imesimama mahali pasipo na nyumba, mbele kidogo ya Mtito Andei. Kulikuwa na vumbi jekundu na miti ya miiba. Mhudumu alipita akisema treni ya mizigo imetoka relini huko mbele.

"Itachukua muda gani?" nilimuuliza.

"Si muda mrefu."

Saa nne nilimuuliza tena. "Si muda mrefu." Saa saba alikuwa amevua koti na hakujibu.

Chumbani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mkamba wa Wamunyu, jina lake Mutua, mchonga sanamu. Alikuwa na gunia la twiga na vifaru wa mti aliokuwa akiwapelekea wafanyabiashara wa pwani. Chakula cha treni kilikwisha mapema. Mutua alikuwa na isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mimi nilikuwa na ndizi zilizobaki. Tulichanganya.

Joto lilikuwa kama la chumba cha kukaushia. Tukaishiwa na maneno ya kawaida, nikamwambia ninakokwenda. Aliacha kutafuna.

"Unasafiri siku tatu kuuliza swali moja?"

"Swali si langu."

"Na akisema hapana?"

"Nitarudi na hapana."

"Aka! Wewe ni mtu mgumu." Alifikiri. "Kwa nini mzike mgomba? Mimi nitakuchongea mtu. Mti wa mpingo, hauozi. Kichwa, mabega, kila kitu. Nipe tu kipimo. Nduguyo alikuwa na urefu gani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimetoa mchoro wangu na ulikuwa umelala magotini pake, vyumba vyote vimeandikwa. Kila bomba lilikuwa na kipimo, hata kipenyo cha mlango wa juu ambao mama aliutafuta. Nilikuwa nimemweleza urefu wa nyambizi, kina inachoweza kuzama, uzito wa kombora moja la majini.

"Sijui," nilisema. "Nilikuwa mtoto. Nakumbuka magoti yake."

Mutua alikunja mchoro polepole akanirudishia. "Basi siwezi kuchonga," alisema, na akageukia dirishani.

Treni iliondoka saa tisa mchana.

Mombasa

Tulifika Ijumaa jua likiwa linazama, nami Sabato yetu, inayoanza saa hiyo, ikinikuta na mfuko begani. Samweli alikuwa amekuja kunipokea asubuhi, akarudi kazini, akaja tena. Alikuwa amenenepa. Nyumbani kwake mkewe alitandika mezani vyakula vya pwani. Wali wa nazi niliula. Mbaazi niliila. Kulikuwa na bakuli jingine lenye kitu cha baharini kisicho na magamba, ambacho sisi Waadventista hatuli. Nililisukuma kidogo upande wa Samweli. Aliniomba nisimwambie mtu kama yeye alikula. Siandiki.

"Umemwambiaje Bwana Hayashi?" nilimuuliza.

"Nimemwambia ukweli. Nimemwambia kuna mtu anakuja kutoka mbali ambaye ndugu yake aliuawa na nyambizi yao."

"Umemwambia nakuja kumuuliza swali?"

Samweli alifikiri. "Hilo sikulisema."

Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda kanisani, tulikwenda kwenye nyumba za mafundi. Masanduku yalikuwa tayari mlangoni, yamefungwa kamba. Bwana Hayashi alikuwa amesimama katikati ya chumba katika suti nyeusi yenye vifungo vyote vimefungwa, katika joto lile, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwepo. Alipotuona aliinama hadi mgongo wake ukawa sawa na meza. Akabaki hivyo.

Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Nilimtazama Samweli.

"Anadhani umekuja kumlaani," Samweli aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu.

"Mwambie ainuke. Mwambie mimi ni fundi wa injini."

Samweli alimwambia kwa Kiingereza. Mzee aliinua kichwa, akanitazama mikono. Mikono yangu ina makovu ya mvuke hadi viwiko. Akanionyesha yake, ilikuwa hivyohivyo. Alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwenye ujenzi, "Mimi pia fundi. Injini. Kaa."

Akatupa chai. Mnajua mimi sinywi chai ingawa naikausha kila siku. Ni katazo la kanisa letu, nami nimelishika. Lakini mtu aliyeinama vile huwezi kumrudishia kikombe. Ilikuwa ya kijani, majani yasiyochachushwa kabisa, bila sukari wala maziwa. Kiwandani kwetu yangerudishwa getini. Nilikunywa yote.

Nikafungua mchoro. Alivaa miwani akaupitia kwa kidole, kuanzia mbele hadi nyuma, bila kusema. Kwenye chumba cha injini alisimama. Alichukua penseli yangu, akasogeza pampu moja upande wa pili wa njia. Kisha akasema maneno mengi, na Samweli akayafasiri kwa shida.

"Anasema ni Junsen. Anasema umefanya vizuri. Yeye alikuwa katika mojawapo ya zile nne. Injini zilikuwa za Kijerumani, na zilimla kidole hicho."

Nikauliza kama nyambizi yao ndiyo iliyopiga meli ya askari weusi karibu na Seiloni.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Samweli alisema, "Hapana. Si yao. Na hajui ni ipi. Anasema miezi ile kulikuwa na Junsen kule, lakini kulikuwa na za aina nyingine pia. Inaweza kuwa yoyote."

Inaweza kuwa yoyote. Niliutazama mchoro wangu na ile pampu iliyohamishwa. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimepima chombo ambacho pengine hakikuwahi kumkaribia kaka yangu. Uchovu wote wa siku tatu ulinishukia kwa pamoja, na nilitamani kulala pale sakafuni.

Lakini swali la mama halikuwa hilo. Nilimwambia Samweli aulize kama watu waliokuwa ndani ya nyambizi waliweza kuwasikia wale waliozama.

Bwana Hayashi alivua miwani. Alieleza kwamba kulikuwa na mtu mmoja kazi yake kusikiliza, mwenye visikilizio masikioni. Alisikia rafadha ya meli ikikata maji, kisha mlipuko, kisha chuma kikijikunja. Sauti za watu, hapana. Maji hayazibebi. Mara moja, katika nyambizi yao, mtu huyo alivua visikilizio akaviweka chini, na siku hiyo hakula.

Samweli akanigeukia, tena kwa Ekegusii. "Kaka, sikiliza. Mwambie mama walisikia. Mwambie kuna aliyesikia sauti yake. Nani atakwenda kumuuliza Mjapani mara ya pili?"

Mzee aliuliza tunasema nini. Samweli aliona haya, lakini alimfasiria, kwa sababu ni mkweli akibanwa.

Bwana Hayashi aliweka miwani juu ya mchoro. Kisha akasimulia haya, nami nayaandika kama nilivyoyapokea. Aliugua mapafu akaachwa hospitalini, na nyambizi yake ikaenda safari nyingine bila yeye. Haikurudi. Zote nne hazikurudi. Kwa kila familia serikali yao ilipeleka sanduku dogo la mbao, na ndani yake, mahali pa mifupa, kulikuwa na jiwe. Mama wa rafiki yake, mtu wa visikilizio yuleyule, alimfuata akiwa na sanduku mikononi akamuuliza, "Ulimsikia mwanangu mwishoni?" Naye akajibu, "Ndiyo, nilimsikia."

"Yule mama alifurahi?" niliuliza.

"Alifurahi," Samweli alifasiri. "Alikufa akiwa ametulia. Anasema yeye ndiye hajatulia hadi leo, kwa sababu yule mwenzake kweli hakuna aliyemsikia, na uongo wake umefunga mlango ambao mtu wa kumsikia kweli angeweza kuupitia."

Hapo nikajua sitamdanganya mama. Nilisimama kuaga. Mzee akanishika mkono wa shati, akasema kwa Kiswahili, "Jina. Ndugu. Jina?"

"Mokua."

Alilirudia. Halikutoka vizuri. Nikalisema tena, polepole, naye akalirudia mara ya pili na ya tatu, mpaka likawa jina la mtu wa kwetu. Kisha akaliandika kwa alama zao katika kitabu kidogo, akakiweka mfuko wa ndani wa suti, upande wa moyo. Akainama tena. Safari hii nami niliinama.

Tulimsindikiza hadi bandarini. Meli ilichelewa kuondoka kwa saa mbili na hakuna aliyetuambia sababu.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusema. Treni haikusimama, basi halikuchemka, na mimi sikuongea na mtu. Ufukweni nilikuwa nimeokota jiwe la matumbawe, nikaona aibu, nikalitupa, nikarudi kuliokota. Lilinichoma pajani njia nzima. Nilichokibeba kumpelekea mama kilikuwa hapana, na nilijua maana yake. Angekataa kuzika, na kifua kile kingemmaliza akiwa bado anangoja.

Nyumbani

Nilimkuta ameketi jikoni akichambua mboga za chinsaga. Sikukaa. Nilimweleza yote kwa utaratibu, nikiwa nimesimama kama mtu anayetoa ripoti. Nyambizi pengine si ile. Mtu si yule. Hakuna aliyemsikia, na maji hayabebi sauti za watu. Nilimwambia pia habari za yule mama mwingine na sanduku. Nikamwekea jiwe mbele yake.

Aliligeuza. "Hili ni la kwao," alisema. "Sisi tuna mgomba."

Aliendelea kuchambua mboga. Nilidhani amemaliza. Kisha akauliza, "Ulimtajia jina?"

"Aliniuliza mwenyewe. Nikamtajia."

"Akasemaje?"

"Alilirudia mara tatu, mpaka akaliweza. Akaliandika."

"Mtu wa ndani ya vyombo vile?"

"Wa ndani ya vyombo vile."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Wana mama kama sisi," alisema. Halafu, "Basi mmoja wao amemsikia. Amechelewa, lakini amemsikia." Alisema hayo bila machozi. Machozi yalikuja baadaye, na nyote wa Birongo mliyasikia, mkaja. Ndiyo kelele mliyouliza ilikuwa ya nini.

Asubuhi wazee walikuja na panga. Mzee mmoja aliuliza tukate shina la urefu gani, na wote wakanitazama mimi, mtu wa vipimo. Nilisema kweli, kwamba sijui. Mama alitoka nje akiwa ameshika ukuta.

"Simama pale kwenye nguzo," aliniambia. "Nyooka. Hujanyooka."

Nilinyooka. Aliomba kigoda, wakampandisha, wawili wakimshika. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu, kikiwa kimelala kwa ubavu, vidole vinne vimeshikamana.

"Alikuwa anakuzidi kwa hivi," alisema.

Nilitoa penseli, ileile aliyoishika Bwana Hayashi. Nikachora mstari kwenye nguzo juu ya kiganja chake, kisha nikapima kutoka ardhini. Futi tano na inchi nane. Nikapima mara ya pili, ikawa vilevile, ndipo nikawaambia wakate.